"Pagaram" si "Pagarão"

Tuseme mfanyabiashara wa Mtwara ana mzigo wake Nampula, ng'ambo ya Ruvuma. Anampigia simu wakala wake amuulize kama wale wateja wameshatoa hela. Mtandao unakatakata, na katika jibu lote anaambulia neno moja. Kama neno hilo ni "pagaram", alale usingizi wake: wamelipa. Kama ni "pagarão", avute subira, maana watalipa, na "watalipa" ya mdeni kila mtu anaijua.

Sasa ayasikilize vizuri maneno hayo mawili. Herufi za mwisho hazifanani, lakini sauti ya -am na ya -ão ni moja: "au" ya haraka inayopitia puani. Konsonanti ni zilezile, na silabi ni tatu kwa tatu. Kinachoyatenganisha kwanza ni mahali sauti inapokazwa. Pa-GA-ram, jana. Pa-ga-RÃO, kesho.

Msemaji wa Kiswahili hana mazoea ya kuutafuta wakati huko. Kwetu wakati unakaa mlangoni mwa kitenzi: wa-li-lipa, wa-ta-lipa. Ukishasikia "li" au "ta" habari umeipata, hata kama msemaji ataumeza mwisho wa neno. Mkazo wetu haubebi mzigo huo. Unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka unasogea nalo: LI-pa, li-PI-a, li-pi-A-na. Tunavyo vighairi, kama ba-ra-BA-ra ya lami na kazi iliyofanywa ba-RA-ba-ra, yaani sawasawa. Lakini vighairi vyenyewe unaweza kuvihesabu ukiwa unakunywa chai na usichelewe kuimaliza. Katika Kireno jambo hilohilo linahusu karibu kila kitenzi.

Sababu ni kwamba Kireno huweka nafsi na wakati mkiani. Mtendaji hatangulii kama "ni", "u" na "a" zetu. Anakuja mwishoni, amefungwa pamoja na wakati katika kifundo kimoja. Mkia wenyewe ni mfupi, silabi moja au mbili, na lazima ubebe mambo mengi. Hapo ndipo mkazo unapoitwa kusaidia.

Tukipitishe kitenzi "pagar", kulipa, taratibu. Leo: PA-go (ninalipa), PA-gas (unalipa), PA-ga (analipa), pa-GA-mos (tunalipa), PA-gam (wanalipa). Ukimwondoa "sisi", wote wameukalisha mkazo kwenye mzizi. Jana: pa-GUEI, pa-GAS-te, pa-GOU, pa-GÁ-mos, pa-GA-ram. Mzizi umeachwa, mkazo umeishika irabu inayofuata. Kesho: pa-ga-REI, pa-ga-RÁS, pa-ga-RÁ, pa-ga-RE-mos, pa-ga-RÃO. Umesogea tena, umefika mkiani. (Nafsi ya "vós", ninyi, nimeiruka, wengi siku hizi hawaitumii katika mazungumzo.) Mimi huwa naukumbuka mpangilio huu kama safari ya daladala yenye vituo vitatu: leo mzizini, jana katikati, kesho mkiani. Haukidhi kila kitenzi, hasa vile vikorofi kama "fazer" na "dizer", lakini kwa vitenzi vya kawaida utakufikisha mbali.

Kituo cha mzizini kina athari inayosikika waziwazi. Wanasarufi wa Kireno huziita sura hizo "rizotónicas", zenye mkazo mzizini, na irabu iliyokaziwa hupata uhai ambao haina pengine. Mfano ni "levar", kupeleka. Katika LE-va, anapeleka, "e" iko wazi kabisa. Katika le-VAR mkazo umehama, na Mreno wa Lisbon anaibana ile "e" mpaka unasikia kitu kama "lvar". Kwenye karatasi silabi ni mbili. Masikioni ni moja na chembe. Mbrazili hana ubahili huo, irabu zake zinasikika zaidi, ndiyo maana wanafunzi wengi huona Kireno cha Brazil kinafuatika. Lakini ubahili wa Lisbon una faida yake: irabu inayosikika kikamilifu, mara nyingi, ndiyo yenye mkazo. Vitenzi vya -ear vimefika hatua ya kuongeza herufi. "Passear", kutembea kwa starehe, hutoa pas-SEI-o, ninatembea, ila pas-se-A-mos, tunatembea. Ile "i" huingia mkazo ukiwa mzizini na kutoka mkazo ukihama.

Kuna sura moja ya wakati uliopita ambayo wageni wengi huikosea: "pagávamos", tulikuwa tukilipa. Husemwa pa-GÁ-va-mos, mkazo ukiwa silabi ya tatu kutoka mwisho. Katika Kilatini mkazo ulifuata urefu wa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "cantabamus", tulikuwa tukiimba, ilikazwa kwenye "ba". Wareno wakauvuta nyuma ili "sisi" afanane na wenzake: can-TA-va, can-TA-vas, can-TÁ-va-mos. Majirani zao wa kaskazini, Wagalisia, ambao lugha yao ilitoka tumbo moja na Kireno, hawakuuvuta. Mpaka leo husema can-ta-BA-mos, mkazo ukiwa palepale alipouacha Mrumi. Na Mswahili akiachwa asome peke yake atasema hivyohivyo, kwa sababu zake mwenyewe.

Hilo linanileta kwenye jambo linalonifurahisha kuliko yote. Ungedhani kwamba kwa mazoea yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho tutakiharibu kitenzi cha Kireno kuanzia juu hadi chini. Sivyo. Leo yote tutaisema sawa, pamoja na "pagamos". Jana tutapatia "pagaste" na "pagámos". Na "paguei"? Kwa Mreno hizo ni silabi mbili, pa-GUEI, "ei" ikitamkwa kwa pumzi moja. Kwetu kila irabu ni silabi inayojitegemea. "Bei" ni be-i, "chai" ni cha-i. Kwa hiyo Mswahili anaona silabi tatu, pa-ge-i, anakaza ya pili kutoka mwisho, anapata pa-GE-i, na mkazo umeangukia irabu ileile ya Mreno. "Pagou" inakuwa pa-GO-u. "Pagarei" inakuwa pa-ga-RE-i. Hesabu mbili zisizolingana, jibu moja.

Ushahidi wa bahati hiyo umo jikoni. "Limau" letu ni "limão" la Wareno. Wao wana silabi mbili, li-MÃO, mkazo mwishoni. Sisi tukaipasua ile ya mwisho, tukapata li-MA-u, na mkazo ukabaki kwenye "a" yake. "Bendera", ban-DEI-ra, haikusumbua. "Meza" ni ME-sa. "Gereza" ni i-GRE-ja, kanisa, iliyopoteza kichwa chake lakini ikabaki na mkazo. Angalia tu kwamba maneno tuliyoyapokea kutoka kwa Wareno ni karibu yote majina ya vitu. Vitenzi vyao hatukuvichukua, na kwa hiyo hatukupata karne za mazoezi navyo.

Basi mtego uko wapi? Uko pale neno linapoishia na irabu moja yenye mkazo. "Pagará", atalipa, husemwa pa-ga-RÁ. Mswahili atasema pa-GA-ra, na "pagara" nayo ni sura halali ya kitenzi: alikuwa ameshalipa. Ni ya vitabuni zaidi, mtaani husikii sana, lakini ipo. Deni la kesho umeshalifuta juzi. Mtego mwingine uko kwenye kitenzi chenyewe, "pagar", kinachokazwa mwishoni, pa-GAR. Hapa ajabu nyingine: mwenye lafudhi nzito ya Bantu, ambaye ulimi wake hauvumilii konsonanti mwishoni, atasema "pagari", na papo hapo mkazo utaangukia GA, mahali pake. Kosa moja limelirekebisha jingine.

Kuna vitenzi ambavyo hesabu ya silabi ndiyo kila kitu. "Sair" ni kutoka, "cair" ni kuanguka. "Sai" ni silabi moja: anatoka. "Saí", yenye alama juu ya i, ni mbili, sa-Í: nilitoka. Vivyo hivyo "cai", anaanguka, na "caí", nilianguka. Kanuni ya maandishi inasema "i" au "u" iliyokazwa, ikifuata irabu nyingine bila kuungana nayo, huwekewa alama kama iko peke yake katika silabi au ina "s" tu: sa-í, sa-ís-te, sa-í-ram. Ikifungwa na r au n alama haihitajiki, maana konsonanti yenyewe imeshazitenga irabu hizo: sa-ir, sa-in-do. Nayo "saiu", alitoka, ni sa-IU: hapa "i" imeungana na "u" inayoifuata na kuiacha "a" peke yake. Wanafunzi hulia na kanuni hii, na sidhani wanaonewa. Lakini ukishaelewa kwamba alama ile haipambi neno, inakata silabi, nusu ya kazi umeimaliza.

Mwazie sasa mtu aliyeteguka mguu katika mji wa Msumbiji, anataka kusema kwamba ameanguka na anahitaji daktari. "Caí" yake inatoka "cai". "Médico" yake, daktari, ambayo ni MÉ-di-co, inatoka me-DI-co. Amesema kuna mtu anaanguka, na kwamba yeye mwenyewe anatibu. Atahudumiwa, bila shaka, kwa kuwa mguu uliovimba unajieleza. Ila ile "medico" inastahili kutazamwa, kwa sababu si kosa la kubahatisha. Ni kitenzi kamili, "medicar", nafsi ya kwanza, wakati uliopo.

Kireno kina jamii kubwa ya jozi kama hizo. "Número" ni namba, "numero" ninaweka namba. "Dúvida" ni shaka, "duvida" anatia shaka. "Fábrica" ni kiwanda, "fabrica" anatengeneza. "Cópia" ni nakala, "copia" ananakili. "Denúncia" ya kwenye kichwa cha habari ni shutuma iliyotolewa. "Denuncia", de-nun-CI-a, ni kitendo cha kuitoa. Mengi ya majina haya yalichukuliwa na wasomi kutoka Kilatini yakiwa na mkazo wake wa mbali. Kitenzi cha wakati uliopo kina sheria yake, na ukiacha vichache kama "enxáguo", ninasuuza, haikiuki: mkazo hauvuki silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo jina likigeuzwa kuwa kitenzi, mkazo unateremka hatua moja. Ajabu ya mambo, sheria ya kitenzi chao ndiyo sheria ya lugha yetu nzima. Ndiyo maana Mswahili anayesoma gazeti la Maputo kwa sauti huwa anageuza majina kuwa vitenzi bila kujua. Mashuhuri kuliko yote ni utatu huu: SÁ-bia ni mwanamke mwenye hekima, sa-BI-a ni alijua, na sa-bi-Á ni ndege mwimbaji ambaye Brazil imemfanya ndege wa taifa.

Wareno wenyewe nao hawajasalimika. Ukitaka kuona walimu wao wanavyoumia, tazama daftari la mwanafunzi alipoandika "pagasse" mahali pa "paga-se". La kwanza ni pa-GAS-se, la sharti: kama angelipa. La pili ni PA-ga-se: hulipwa, watu hulipa, kama kwenye kibandiko cha dukani kinachosema malipo hufanywa wapi. Herufi zinakaribiana mno, na kwa mwandishi mvivu kistari ni kitu cha hiari. Vivyo hivyo "pagávamos" huandikwa "pagava-mos", kana kwamba mkia wa "sisi" ni kiwakilishi kilichofungwa kwa kamba. Walimu wana dawa moja nzuri: tia "não", si, mbele ya kitenzi. Kiwakilishi cha kweli kitaruka mbele, "não se paga". Mkia wa kitenzi hauruki, "se não pagasse". Asiyesikia mkazo anaweza kuuona kwa njia hiyo.

Shida hiyo inafika hadi mwisho wa mstari. "Pagasse" hukatwa pa-gas-se, kwa kuwa "ss" hutenganishwa. Mstari wa juu utabaki na "pagas-" na wa chini utaanza na "se". Ukiikata "paga-se" kwenye kistari chake, juu hubaki "paga-" na chini "se". Msomaji aliyegeuza ukurasa atajuaje kama kistari ni cha neno au cha kukatia tu? Mkataba wa tahajia uliotiwa saini Lisbon mwaka 1990 unataka kistari kirudiwe: "paga-" juu, "-se" chini. Ni kanuni ndogo, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa zile chache za mkataba ule ambazo hazina mpinzani mwenye hoja.

Lakini kwa nini kesho ikae mkiani? Jibu liko katika Kilatini cha mitaani. Watu waliacha sura ya zamani ya wakati ujao wakawa wanasema "cantare habeo", nina kuimba, yaani ninapaswa kuimba. Kile "nina" kikafupika na kugandana na kitenzi. "Pagar" na "hei", nina, ikazaa "pagarei". "Pagar" na "hão", wana, ikazaa "pagarão". Kwa hiyo ile -ão yenye mkazo ilikuwa neno zima lililosimama lenyewe, likaingia ndani ya kitenzi na uzito wake wote. Ile -am ya "pagaram" haikuwahi kuwa neno. Ni alama ya nafsi tu, imetoka kwenye mkia mwepesi wa Kilatini, na wepesi huo umebaki nao. Sauti moja, asili mbili, na mkazo ndio hati ya kuzaliwa ya kila moja.

Mshono huo bado unaweza kufumuliwa. Katika Kireno rasmi, kiwakilishi kikitakiwa pamoja na wakati ujao, hakiendi mwisho. Kinapenya katikati, pale hasa maneno mawili yalipoungwa: "pagar-lhe-ei", nitamlipa. Wabrazili hawasemi hivyo katika maisha ya kawaida, na Michel Temer aliposhika urais mwaka 2016 alikuwa gumzo kwa kutumia sura hizo hadharani. Nasi tunao mshono wetu. Wataalamu wa historia ya Kiswahili hulihusisha "ta" la "atalipa" na kitenzi "taka", na katika "atakayelipa" kile kitenzi kinachungulia tena. Mreno alianza na kuwa na wajibu, sisi tukaanza na kutaka. Kila mmoja akalisaga neno lake mpaka likawa njeo.

Katika maandishi, jozi ya mfanyabiashara wetu haikutenganishwa mapema. Sarufi za kwanza za Kireno zilichapishwa na Fernão de Oliveira mwaka 1536 na João de Barros mwaka 1540. (Barros ni yuleyule ambaye katika juzuu la kwanza la Décadas da Ásia, mwaka 1552, alifupisha historia ya wafalme wa Kilwa.) Tahajia ya enzi zile haikuwa na msimamo, na hata karne ya 19 bado unakuta waandishi wakiweka -ão kwa wakati uliopita pia, "forão" mahali pa "foram", walikuwa. Msomaji alilazimika kuijua jana au kesho kwa muktadha. Tahajia ya leo imeligeuza tatizo kuwa kanuni: neno linaloishia na a, e, o, au hizo zikifuatwa na s, au linaloishia na -am au -em, hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho bila alama; likiishia na r, l, z, i au u, hukazwa mwishoni. Anayevunja utaratibu huvaa alama. "Pagaram" haina, kwa kuwa inatii. "Pagará" inayo. Kiwimbi cha -ão, kama hakuna alama nyingine katika neno, kinaonyesha mkazo pia. Maneno yote yenye mkazo wa tatu kutoka mwisho, ambayo Ureno huyaita "esdrúxulas", yalilazimishwa kuvaa alama na mageuzi ya tahajia ya Ureno ya mwaka 1911.

Mkataba wa 1990 ulizivua baadhi. "Pára", anasimama, ikawa "para", sawa na "para" ya "kwa ajili ya", na vichwa vya habari vikaanza kusomwa mara mbili. "Pagámos" ya jana ikaruhusiwa kuandikwa bila alama, kama Wabrazili walivyokuwa wakifanya, na hivyo kufanana na "pagamos" ya leo. Kwa Mbrazili ni sawa, maana hatofautishi kwa sauti. Kwa Mreno, ambaye hufungua "a" ya jana na kuibana ya leo, kuiacha alama ni kujinyima. Mwanafunzi wa huku kwetu namshauri aiandike: inaruhusiwa, na inamsaidia msomaji.

Nawe mfanyabiashara, mtandao ukikatakata usihangaike na mwisho wa neno, kwa kuwa mwisho hauna siri. Sikiliza katikati: GA ikipanda, toa risiti. Ikipita chini na sauti ikapanda baadaye, deni bado lipo. Ukiona bado umebabaika, muulize wakala "ontem ou amanhã?", jana au kesho. Hayo mawili hayafanani hata kidogo.